Njugu ya Nne

Filimbi ya Mwalimu Elkana haikujua huruma. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri ililia mara tatu katikati ya mahema, na watoto thelathini na wawili wakatoka nje wakipikicha macho, wengine wamevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Walinawa uso kwa kopo moja la maji kila mmoja, wakaimba, wakaomba, kisha wakagawana kazi. Hawa walifagia, hawa waliteka maji, na wale waliochelewa kutoka hemani walipewa sufuria za jana wazisugue mpaka zing'ae. Siku ya kwanza wengi walinung'unika. Kufikia siku ya nne walikuwa wamezoea, na baadhi yao walikuwa wanafurahia, ingawa hakuna aliyethubutu kukubali.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Watoto hao walikuwa wa chama cha vijana wa kanisa mjini Migori, na mwaka huo walipiga kambi kando ya Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Simbi si ziwa la kujivunia ukubwa. Ukisimama ukingoni unaliona lote, la mviringo, maji yake ya kijani yakinuka magadi. Hayanyweki wala hayana samaki. Ila heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, huyapenda sana. Kuna njia ya miguu inayolizunguka ziwa zima, na mtoto akiikimbia kwa mwendo wa kawaida huimaliza kwa muda wa nusu saa hivi.

Njia hiyo ndiyo iliyomkosesha Bochaberi usingizi.

Bochaberi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Mama yake aliuza ndizi mbivu na maparachichi katika soko la Migori. Katika chama chao, mtoto aliyetimiza kazi saba alivishwa skafu ya manjano siku ya Sabato, yaani Jumamosi, mbele ya kanisa lililokuja kutembelea kambi. Hakuvishwa na mwalimu wala na mchungaji. Mzazi wake mwenyewe ndiye aliyepanda jukwaani na kumfungia skafu shingoni. Bochaberi alikuwa ametimiza kazi sita. Alijua kufunga mafundo, kupika kwa mafiga, kumhudumia mtu aliyeungua, na mengine. Iliyobaki ilikuwa moja tu: kulizunguka ziwa mara nne. Kukimbia, kutembea, hata kuchechemea kuliruhusiwa, bora mtu asikate njia.

Mwaka uliotangulia, kambi ikiwa kwingine na mbio zikiwa za urefu ule ule, alishindwa. Alikunywa vikombe viwili vya uji, akaanza kwa kasi ya mtu aliyefukuzwa na nyuki, na kabla ya nusu ya safari akashikwa na kichomi cha ubavu akatapika kando ya njia. Mama yake alikuja Sabato ile amevaa gauni lake jipya. Alikaa chini akiwatazama wazazi wengine wakipanda jukwaani, akapiga makofi kwa kila mmoja wao, na hakumlaumu Bochaberi hata kidogo. Afadhali angemlaumu. Bochaberi alikumbuka makofi yale mwaka mzima, na kila alipoyakumbuka aliumia moyoni.

Sasa ilikuwa Alhamisi, siku ya mbio. Orodha ya waliofaulu ilipaswa kusomwa kwa simu Migori kabla ya saa sita mchana, kwa sababu Fundi Ombui alikuwa anadarizi jina la kila mtoto kwenye skafu yake. Fundi Ombui ni mtu wa kanisa. Ijumaa jua likielekea kutua cherehani yake hufunikwa kitambaa, na hata ungekuwa mtoto wa gavana hakushonei kitu. Ambaye jina lake lingekosekana Alhamisi saa sita angesubiri Agosti nyingine.

Asubuhi hiyo Bochaberi alipokea kikombe chake cha uji wa wimbi, akakitazama kama mtu anayemtazama adui. Halafu akamsogelea Cliff. Cliff alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwenye maneno mengi na tumbo lisilokataa kitu.

"Kunywa yangu," alimnong'oneza.

"Yote?"

"Yote. Mimi leo nakimbia nikiwa mwepesi. Nirudishie kikombe tu."

Cliff hakuhitaji kubembelezwa. Alikunywa uji wake, akakunywa na wa Bochaberi, akapangusa mdomo kwa mkono.

Mpishi wa kambi alikuwa Mama Marcella, mwenyeji wa hapo hapo Kendu Bay, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa na tabia ya kupita kati ya watoto akihakikisha kila mmoja amekula. Alipofika kwa Bochaberi aliuliza, "Nyathina, umemaliza?" Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na Mama Marcella aliwaita watoto wote hivyo, na siku moja akiwa amechoka alimwita hivyo hata Mwalimu Elkana.

Bochaberi aliinua kikombe kitupu. Hakutamka neno. Alijiambia kwamba mtu ambaye hajatamka neno hajasema uongo.

Hapo Mwalimu Elkana akawaita wote. Mwalimu Elkana hufundisha hisabati, na ni mtu wa mpango. Tatizo ni kwamba alikuwa amesahau Migori zile kadi za rangi ambazo hutumia kuhesabia mizunguko. Lakini alikuwa na gunia dogo la njugu alilonunua sokoni Kendu Bay, njugu za maganda, na jana yake jioni alikuwa amemgawia kila mtoto konzi moja. Zilizobaki alizitia kwenye beseni akaliweka mezani, mahali mbio zinapoanzia.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Kila ukimaliza mzunguko mmoja, unapita hapa mezani nakupa njugu moja. Unaiweka mfukoni. Ukifikisha nne, unampelekea Mama Marcella pale jikoni, yeye anaandika jina. Njugu ikipotea, mzunguko umepotea. Sitaki kusikia hadithi ya mbuzi wala ya mfuko uliotoboka. Na mtu asikaribie maji. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Filimbi ikalia. Watoto wakatimka, vumbi likatimka nao.

Bochaberi hakutimka. Mwaka huu alikuwa amejifunza. Kwa miezi mitatu alikuwa akikimbia kila Jumapili alfajiri na rafiki yake Bhoke, kutoka kwao hadi daraja la mto Migori na kurudi. Bhoke alikuwa Mkuria, mwembamba, mwenye pumzi zisizoisha, na ndiye aliyemfundisha kukimbia polepole. "Kama huwezi kuongea, unaenda mbio sana," Bhoke alimwambia tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo Bochaberi alikimbia akijisemea peke yake hesabu za kuzidisha, kutoka mbili mpaka kumi na mbili.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Hewa ilikuwa baridi, heroe wamejipanga kandokando ya maji wakichovya midomo, na mlima Homa umejitokeza ng'ambo ukiwa na wingu dogo kichwani. Akapata njugu ya kwanza. Mzunguko wa pili Bhoke akampita, akampungia mkono akaenda zake. Njugu ya pili. Mzunguko wa tatu jua likaanza kuchoma na tumbo likaanza kunguruma, lakini miguu ilikuwa bado inamtii. Akapokea njugu ya tatu, na Mwalimu Elkana akamwambia, "Vizuri, Bochaberi. Endelea hivyo hivyo." Yeye akacheka kwa furaha, kwa maana mwaka jana hata nusu ya safari hakuifikia.

Mzunguko wa nne ndio uliomwonyesha cha moto. Alipofika upande wa pili wa ziwa, mbali kabisa na kambi, magoti yalianza kutetemeka. Jasho lilimtoka likiwa la baridi. Nne mara saba ikamshinda. Akasema thelathini, akajua sivyo, akashindwa kujisahihisha. Vidoa vyeusi vikaanza kumchezea machoni. Akatembea. Akasimama. Akashika magoti kwa mikono, na hapo akazisikia njugu zikigongana mfukoni.

Kusema kweli hakufikiri. Njaa ikikukamata vizuri inafikiri yenyewe kwa niaba yako. Alitoa njugu moja, akaivunja, akatupa ganda, akatafuna punje zake mbili na kuzimeza. Zilikuwa tamu kuliko chochote alichowahi kula maishani. Alipumzika kidogo, vidoa vikapungua, akaanza tena kutembea, kisha kukimbia polepole. Alipoiona meza ya Mwalimu kwa mbali ndipo alipogutuka na kuelewa alichokuwa amekula.

Mwalimu Elkana alimpa njugu nyingine, akampa na mkono wa pongezi. Bochaberi akatia mkono mfukoni. Moja, mbili, tatu. Akahesabu tena, kana kwamba zingezaana.

Jikoni kulikuwa na foleni. Mama Marcella alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitabu mapajani, bakuli miguuni. Mtoto alipofika, Mama Marcella alihesabu njugu zake kwa sauti, kisha akamtazama usoni na kumwuliza swali moja tu: "Hizi ndizo ulizopewa?" Mtoto akajibu, "Ndizo," naye akaandika jina na kuzitia njugu bakulini. Cliff alikuwa mbele kidogo. Alijibu "Ndizo" haraka haraka, akaenda kukaa nyasini na wenzake.

Bhoke, ambaye alikuwa ameshaandikwa, alikuja kusimama kando ya Bochaberi. "Mbona uso umekushuka? Si umemaliza?"

"Nimemaliza. Lakini nimekula moja."

"Umekula moja nini?"

"Njugu. Kule ng'ambo nilisikia kizunguzungu. Sikufikiri, Bhoke."

Bhoke alifinya midomo kuzuia kicheko. Kisha akaona machozi ya mwenzake, kicheko kikamwisha. Akatia mkono mfukoni akatoa njugu iliyobaki kwenye konzi lake la jana, akamsukumia Bochaberi kiganjani.

"Shika hii. Njugu ni njugu."

"Lakini si niliyopewa."

"Na mzunguko si umekimbia? Mimi mwenyewe nilikuona. Hiyo si kudanganya. Ni kurudisha kilichokuwa chako."

Bochaberi aliitazama ile njugu. Kwa kweli ilifanana na zile tatu kwa kila kitu. Ilitoka gunia moja nazo. Na ni kweli alikuwa amekimbia mara nne. Miguu yake ilikuwa shahidi. Akilini alimwona mama yake katika gauni lile. Foleni ikasogea, mtoto mmoja, wa pili, wa tatu. Akajikuta mbele ya kigoda.

"Moja, mbili, tatu, nne," alihesabu Mama Marcella. Akainua uso. "Nyathina, hizi ndizo ulizopewa?"

Safari hii hapakuwa na kikombe cha kuinua. Ilibidi neno litoke mdomoni, na kila mtu alikuwa akimsubiri alitamke.

"Tatu ndizo," alisema Bochaberi. Akaitenga ya nne kwa kidole. "Tatu ndizo nilizopewa. Hii moja ni ya Bhoke. Yangu niliila."

Foleni yote ikaangua kicheko. Mvulana mmoja alirudia kwa sauti ili walioko mbali wasikose uhondo: "Ati amekula mzunguko!" Mwalimu Elkana akaja kuona kulikoni, na Bochaberi akamweleza yote, akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa nini ulikuwa na njaa hivyo?" aliuliza Mama Marcella. "Na uji ulikunywa. Nilikiona kikombe."

"Sikukunywa, Mama. Nilimpa mtu. Nilidhani tumbo tupu litanifanya mwepesi."

Mama Marcella alimtazama kwa masikitiko, na hilo lilimuuma Bochaberi kuliko kicheko cha foleni.

"Mwalimu, mimi nilimwona akizunguka," Bhoke aliingilia. "Mara zote nne. Naapa."

"Usiape," alisema Mwalimu Elkana. Alikuna kidevu. Ilionekana wazi kwamba jambo lile halikumpendeza. "Bhoke, nakuamini. Lakini wewe ni rafiki yake. Nikikubali ushahidi wa rafiki kwa huyu, kila mtu ataniletea rafiki yake. Nilisema njugu ikipotea mzunguko umepotea, na niliwaambia wote. Bochaberi, ninazo tatu zako." Akatazama saa. "Sasa ni saa tatu na nusu. Fundi anapigiwa saa sita. Ukitaka kurudia mzunguko mmoja, muda upo. Ukiona miguu imekataa, basi, sitakulazimisha."

Bochaberi aligeuka akalitazama ziwa. Halikuwahi kuonekana kubwa kiasi kile. "Nitarudia," alisema.

"Hatarudia kitu kabla hajala," alisema Mama Marcella, na hapo hata Mwalimu hakuthubutu kubisha. Akamketisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akamletea kikombe cha uji na ndizi moja. "Kunywa polepole. Tumbo tupu halimfanyi mtu mwepesi, linamfanya dhaifu. Lililojaa pomoni nalo linamlemea. Kikombe kimoja, halafu unapumzika saa nzima. Nimelea watoto sita, wote walikimbia kwenda shule."

Kwa hiyo Bochaberi alikunywa, akapumzika. Saa nne na nusu ilipopita kidogo alisimama akafunga kamba za viatu. Wenzake wote walikuwa wameketi nyasini mbele ya jikoni wakisubiri chakula cha mchana, wakimtazama.

"Sheria ya kambi mnaijua," alisema Mwalimu Elkana. "Hakuna kwenda ziwani peke yako. Nani atamsindikiza?"

Bhoke alikuwa ameshasimama hata kabla swali halijaisha.

"Vizuri. Mmoja anatosha."

Lakini Cliff naye akasimama. Alijipangusa majani kwenye kaptura, akakohoa, akatazama chini.

"Cliff, kaa. Nimesema mmoja anatosha kumsindikiza."

"Mimi siendi kumsindikiza, Mwalimu," alisema Cliff. "Naenda kumaliza wangu."

Mwalimu Elkana alimtazama, na Cliff akaona bora ayatoe yote kwa pamoja, jinsi mtu anavyotoa mwiba.

"Ule uji ulikuwa wake. Nilikunywa vikombe viwili. Mzunguko wa tatu kichomi kikanishika nikaenda kukaa nyuma ya kichaka, nikangoja wenzangu wazunguke, nikaungana nao. Nilipewa njugu tatu tu. Ya nne ilikuwa ya jana."

Hakuna aliyecheka. Na kabla Mwalimu hajapata la kumwambia Cliff, msichana mmoja mdogo alisimama upande wa kushoto, akilia. Kisha Nicholas, mwana wa katibu wa kanisa, ambaye kila mtu alidhani hana kosa duniani. Kisha wengine wawili kwa pamoja, wakiwa wameshikana mikono. Walikuwa watano wote pamoja na Cliff. Walisimama bila kutazamana.

Mwalimu Elkana aliwaangalia, akaligeukia beseni la njugu, akawaangalia tena. Alikuwa kama mwalimu wa hisabati anayegundua kosa lake ubaoni, darasa zima likimtazama. Jioni alikuwa amemtia kila mtoto njugu mfukoni, na asubuhi akazitumia njugu zile zile kuwahesabia.

"Nendeni," alisema hatimaye. "Wote saba. Na mrudi pamoja."

Wakaenda. Walikimbia kwa kundi moja, Bochaberi katikati, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amechoka kuliko wote na hakuna aliyetaka kumwacha. Walipofika kwenye kichaka kimoja kikubwa, Cliff alionyesha kwa kidole. "Hoteli yangu ya asubuhi," alisema. Nicholas akasema yeye alilala kile cha mbele yake, na kwamba siafu walimwamkia. Hapo wakacheka, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, hata heroe waliokuwa karibu wakainua shingo.

"Umenikasirikia?" Cliff alimwuliza Bochaberi.

"Kwa nini?"

"Wewe ulikimbia mara zote nne na bado unarudia. Mimi niliandikwa nimekaa."

Bochaberi alifikiri hatua kadhaa. "Nilikuwa na hasira na njugu," alisema. "Sasa hata hiyo imeisha."

Upande wa ng'ambo alipunguza mwendo, lakini vidoa havikuja. Bhoke akawa anamwuliza hesabu za kuzidisha, naye akajibu: sita mara nane, arobaini na nane, tisa mara saba, sitini na tatu. Walipoikaribia kambi waliwakuta wenzao wamesimama njiani wakipiga makofi. Wote saba wakafika kwa mstari mmoja, hoi, nyuso zimejaa vumbi na jasho. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu saa kufika saa sita.

Beseni halikuwapo tena mezani. Mama Marcella alikuwa na njugu zote jikoni, anazikaanga. Mwalimu Elkana aliketi na karatasi mpya isiyo na jina hata moja.

"Orodha ya kwanza nimeichana," aliwatangazia wote. "Kosa lilikuwa langu kwanza. Niliweka mtego halafu nikashangaa watu wamenaswa. Sasa sihitaji njugu wala shahidi. Mtakuja mmoja mmoja, mniambie mmezunguka mara ngapi, nami nitaandika hivyo hivyo mtakavyosema. Sitauliza mara ya pili. Bochaberi, anza wewe. Niandike ngapi?"

Bochaberi alivuta pumzi.

"Tano, Mwalimu."

Mwalimu Elkana akaandika tano, herufi kwa herufi, kisha akaandika Cliff nne, na Nicholas nne, na wengine. Foleni ilikwenda polepole, kwa maana kila mtoto alifikiri kabla ya kujibu. Karibu na mwisho mvulana mmoja, Stanley, ambaye hakuwa amesimama kati ya wale watano, alisema "Tatu" kwa sauti isiyosikika vizuri. Mwalimu aliandika tatu. Hakumkaripia. Alimwekea mkono begani, akamwambia kwamba Agosti ijayo watakimbia pamoja, wawili hao, na kwamba yeye pia anahitaji mazoezi. Halafu akampigia simu Fundi Ombui.

Siku ya Sabato watu wa Migori walifika asubuhi wakiwa wamevaa vizuri, na uwanja ukajaa. Majina yalipoanza kusomwa, Bochaberi alimwona mama yake ameketi safu ya tatu katika gauni lile lile la mwaka jana. Jina lake liliposomwa, mama alisimama haraka hata akasahau mkoba. Alipanda jukwaani, akaipokea skafu ya manjano, akaigeuza kuona jina lililodariziwa pembeni. Alikuwa ameshasikia kisa chote cha njugu. Mama Marcella alikuwa amemsimulia jikoni, tangu kikombe kitupu hadi mzunguko wa tano.

"Mama, samahani kwa ule uji," Bochaberi alimwambia chini kwa chini.

"Ule uji tutauzungumza nyumbani," alisema mama, akimzungushia skafu shingoni. "Lakini nisikie. Ungemwambia Mama Marcella kwamba njugu ya Bhoke ni yako, mimi leo ningekufungia skafu hii vivi hivi, nikifurahi hivi hivi. Nisingejua. Ila wewe ungejua, kila siku unapoivaa. Sasa ivae."

Akakaza fundo, akamgeuza awatazame watu.